Benchi la Wazee

Jumatatu, 4 Machi
Imetangazwa jana: Jumapili tunapiga kura ya mzee wa kanisa. Nafasi ni moja, na ni yangu. Wazee hukaa benchi la mbele, wakitutazama sisi wenye dhambi. Kwenye karamu hupewa maini ya nguruwe kwanza. Mimi miaka yote nakaa mlangoni, napulizwa na baridi ya mlima. Tatizo: kwetu Wamizo, watu wa milima ya India, anayeutaka uzee haupati. Kuomba kura ni aibu. Inabidi uonekane mtakatifu bila wewe kuwa na habari. Mpinzani wangu ni jirani yangu Pu (yaani Bwana) Thangchuanga, mfuga nguruwe, ambaye ni mtakatifu kweli. Hiyo si haki.

Jumanne, 5 Machi
Kila mama akipika hutenga konzi ya mchele kwa ajili ya kanisa. Leo akina mama walipita kukusanya. Mke wangu alikuwa kisimani. Nikawapa gunia letu zima, nikasubiri sifa. Kiongozi wao, Pi (yaani Bibi) Hmingthani, akashukuru, akaumimina mchele kapuni pamoja na konzi za wengine, akafunika. Nikamuuliza kama hawatangazi nani katoa nini. Akasema Mungu ameona. Sawa, lakini Mungu hapigi kura!

Jioni nilipewa majani ya haradali ya kuchemsha, basi. Nikaulizia wali. Mke wangu akasema, "Baba Mapuii, wali wako umetangulia mbinguni. Ufuate."

Alhamisi, 7 Machi
Nimetubu. Pombe yangu ya mchele, ile ya nyuma ya kuni, haiwezi kukaa nyumbani mwa mzee wa kanisa. Kuimwaga ni kufuru, maana mchele ni baraka. Kwa hiyo nikainywa yote, iishe.

Nyumba zetu zimeng'ang'ania mteremko, ya Thangchuanga iko chini ya yangu. Nilitoka kupunga upepo, nikajikuta kwenye banda lake la nguruwe. Alinitoa, akaninawisha, akanifunika blanketi lake. Mchungaji akapita, akauliza kulikoni. Thangchuanga akamjibu kwamba banda lake linateleza, kosa ni lake, alipaswa kuweka uzio. Mimi hakuniuliza neno. Unafiki mtupu. Anataka tu nimwonee haya.

Jumamosi, 9 Machi
Thangchuanga akiomba hulia, na watu wanapenda sana. Mimi machozi sina. Nikasugua pilipili kwenye leso, zile ndogo za kwetu, nikaenda nayo ibada ya jioni. Zamu yangu ya kuomba ilipofika, nikajifuta macho.

Jehanamu ipo. Nimeiona. Niliruka, nikapiga ukelele, nikazunguka mimbari mara sijui ngapi. Mpiga ngoma akaongeza kasi. Akina mama wakainuka kucheza nami. Nimeambiwa Roho hajawahi kushuka vile tangu enzi za babu zetu. Pi Hmingthani alilia, tena bila pilipili.

Mke wangu ameifua ile leso bila kusema kitu. Kisha akajigusa jicho. Sasa anasema mengi.

Jumapili, 10 Machi
Nimeshinda! Nilimwacha Thangchuanga mbali. Mchungaji akaniita mbele, akaniuliza kama naupokea wito.

Sasa, mtu wa heshima hakubali mara ya kwanza. Hukataa, akasihiwa. Hukataa tena, akasihiwa zaidi. Mwisho huinamisha kichwa kama aliyezidiwa nguvu. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima, nguruwe wa jirani ni mashahidi. Nikasema sistahili. Nikasema anayestahili ni Thangchuanga. Nikafunga macho, nikangoja kusihiwa.

Pi Hmingthani akasimama. Akasema, "Jamani, huyu ndugu, Roho kamshukia jana tu, sote tumeona. Leo atasema uongo? Tumtii." Kanisa zima likaitikia amina.

Thangchuanga alikataa mara mbili. Akasihiwa mara mbili. Akainamisha kichwa. Nilitamani kulia, na safari hii machozi yalikuja yenyewe. Watu wakasema tazameni anavyomfurahia jirani yake.

Jumatatu, 11 Machi
Asubuhi Thangchuanga amekuja na maini. Amesema hana raha, benchi lile ni langu, watu walinichagua mimi. Yuko tayari kwenda kwa Mchungaji leo leo kuniachia. Ameniomba neno moja tu, nikubali.

Ndiyo ilinifika mdomoni. Lakini mimi si mjinga, mtu wa heshima hakubali mara ya kwanza. Nikamwambia, "Hapana, ndugu yangu, sistahili." Akashusha pumzi, akanishika mkono, akasema basi nimemtua mzigo. Akaenda zake.

Nimekaa mlangoni namngoja arudi kunisihi. Mke wangu anakaanga yale maini na kucheka peke yake, sijui nini kinamchekesha. Atarudi tu. Mto wa kukalia benchini nimeshauchagua.