Stika Arobaini Nyekundu

Alhamisi, 6 Machi

Safari imeanza. Shangazi hukusanya sanaa, na kuna ufunguzi wa maonyesho matano katika miji mitatu kwa siku nne. Mimi nabeba mkoba na kuandika anachosema. Ni majaribio. Nikifaa, ananiajiri. Nisipofaa, Jumatatu naenda kwa Dada kulea pacha wake. Pacha wanauma!

Kumbi mbili leo. Kwenye ukumbi wa kwanza nilisimama kando ya picha moja saa nzima kwa aibu. Mama mmoja akaniuliza kama ni mimi niliyeichora. Nikasema ndiyo. Kukataa kungehitaji maelezo.

Kwenye wa pili, Mzee Kofia, hasimu wa Shangazi, alitutangulia. Picha tatu alizozitaka Shangazi tayari zilikuwa na stika nyekundu chini yake, maana yake zimeuzwa. Shangazi akasema yule babu ana miguu ya swala. Akanuna njia nzima. Mimi akanikumbusha tu kwamba alikuja na msaidizi, hakuja na kivuli.

Nina wazo.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua tangu asubuhi. Viatu vimelowa. Nimenunua karatasi ya stika nyekundu kwenye duka la madaftari. Stika arobaini! Shangazi akipenda picha, naibandika kabla Mzee Kofia hajaifikia.

Jioni nafasi ikapatikana. Picha ndogo ya jikoni tupu, sufuria imefunikwa juu ya jiko lililozimika. Shangazi aliikodolea macho toka mlangoni, akaninong'oneza kwamba hii haiwezi kumpita. Halafu akadakwa na watu wa kusalimiana. Mzee Kofia huyo anakuja! Nikabandika. Akaiona stika, akafyonya, akapita. Ushindi!

Kilichobaki ni kumwambia Shangazi. Alikuwa katikati ya watu sita. Kuwakatiza sikuweza. Alipofika kwenye picha, nilikuwa bado natafuta sentensi ya kuanzia. Akaiona stika. Uso ukamshuka. Akasema twende zetu.

Tukitoka nikamwona mchoraji, mama mwenye rangi kwenye kucha. Ameketi ngazini na simu, analia, anamwambia mumewe ile ya jikoni imeuzwa. Ya kwanza kwa miaka miwili.

Sikula.

Jumamosi, 8 Machi

Niliamua kukiri wakati wa chai. Nikaanza na neno stika. Shangazi akasema asilisikie neno hilo tena. Basi, nikaandika barua ya kurasa mbili, nikaitia kwenye mkoba wake. Mchana ndipo nikakumbuka mkoba huo naubeba mimi, na kila kilichomo namtolea mimi.

Ufunguzi wa nne. Shangazi hakutazama kitu. Msimamizi wa ule ukumbi wa jana akapiga simu kuuliza nani kanunua ile picha ya jikoni. Shangazi akamwambia amuulize Mzee Kofia. Kumbe Mzee Kofia naye alishasema aulizwe Shangazi. Nikayaandika yote daftarini, kwa mwandiko mzuri.

Jumapili, 9 Machi

Nimemkabidhi barua kwa mikono miwili. Akaisoma yote. Hakugomba. Afadhali angegomba! Alipiga simu palepale kuinunua picha. Msimamizi akasema mchoraji alikuja asubuhi, akaifunga kwenye shuka, akaondoka nayo. Haiuzi tena kwa mtu yeyote. Amesema ameshampigia mumewe mara mbili, kumwambia imeuzwa na kumwambia haikuuzwa, na simu ya tatu hana nguvu nayo.

Ufunguzi wa tano hatukwenda. Shangazi alichukua mkoba wake, akaubeba mwenyewe hadi kwenye gari. Akaniambia, bila hasira, pacha wanakusubiri, mwanangu.

Nimelia kidogo. Kisha nikafikiri. Yule mama lazima afarijiwe. Mwezi ujao ana maonyesho mengine, nililiona tangazo mlangoni pa ule ukumbi wa Ijumaa. Nimebaki na stika thelathini na tisa. Zinatosha picha zake zote.

Na safari hii sitakosea. Nitaandika na jina la mnunuzi. Nitabuni jina zuri.