Mtumbwi wa Gaudiosus na Sheria ya Mikataba

Jumatatu, 14 Julai
Leo nimekuwa mwanasheria. Mpwa wangu Evelyn, anayesomea biashara chuoni, kaja likizo Bugene na daftari la sheria. Nimesoma kurasa tatu kabla chai haijapoa. Zinatosha! Mkataba ni mambo manne: ofa, kukubali, kila upande kutoa kitu, na akili timamu. Yote ninayo tangu kuzaliwa.

Shida yenyewe: Jumamosi wakwe watarajiwa wa binti yangu Beata wanatoka Muleba kuja kujitambulisha. Bila rubisi, pombe yetu ya ndizi, aibu itafika Muleba kabla yao. Ndizi nimeshafukia shimoni ziive. Mtumbwi wa kuzikanyagia na kuzikamulia sina. Wangu ulipasuka kwa nguvu za miguu yangu. (Mke wangu Salvina anasema ni mchwa.) Mwenye mtumbwi ni jirani Gaudiosus. Desturi yetu, ukiazima, kibuyu cha kwanza unampelekea mwenyewe, kichwani, watu wakiona. Mimi! Niliyemfukuza kiboko Mto Kagera kwa mwavuli! Sipeleki.

Jumanne, 15 Julai
Nimempelekea Gaudiosus barua. Ofa! Anipe mtumbwi siku nne, naye apate heshima ya kuwa jirani yangu. Asipojibu hadi kesho saa sita mchana, amekubali. Saini yangu nimeiwekea mikia mitatu.

Jumatano, 16 Julai
Saa sita. Kimya. Mkataba! Nimeukokota mtumbwi kutoka uani kwake hadi migombani kwangu. Gaudiosus kaja mbio, shavu moja kanyoa, jingine povu tupu. Kauliza nimeanza lini wizi wa mchana. Nikamweleza kwamba kimya chake kimekubali. Kasema barua kaila mbuzi, na mbuzi mwenyewe hakuifurahia.

Evelyn kacheka mpaka kakaa chini. Eti, Mjomba, kunyamaza si kukubali, ipo ukurasa wa nne. Ukurasa wa nne! Mtumbwi umerudi kwao.

Alhamisi, 17 Julai
Ndizi zimeiva. Ukisogelea shimo, nyuki wanakupokea. Salvina kasema kesho zisipokamuliwa ni chakula cha ng'ombe, na wakwe tutawapa maji ya kisima. Kaniambia mume wangu, si upeleke tu hicho kibuyu yaishe? Kamwe!

Mpango mpya. Jioni hii namwalika Gaudiosus, namnywesha pombe kali ya dukani, anasaini. Asije akashtuka, nitakunywa naye kidogo.

Ijumaa, 18 Julai
Kichwa kinagonga. Karatasi ina saini mbili. Zote zina mikia mitatu.

Evelyn kasema hata angesaini, mkataba wa mlevi haushiki. Kabla sijamjibu, kaingia Gaudiosus na karatasi yake mwenyewe. Mtumbwi atatoa. Kibuyu hataki! Nimeshinda! Evelyn kaniomba nisome kwanza. Nikamwambia sisi watu wa mikataba hatusomi, tunasaini. Nikasaini, yeye akawa shahidi.

Tumekanyaga ndizi mpaka magoti yananata. Mtama wa kuchachusha umetiwa, tumefunika. Beata ananiimbia.

Jumamosi, 19 Julai
Wakwe wamefika. Nimevaa koti, nimesimama, nimekohoa. Gaudiosus kanigusa bega, karatasi mkononi. Kifungu cha pili: msemaji wa familia leo ni yeye. Mimi ni mmiminaji wa rubisi, neno langu ni “karibuni” tu.

Nikamgeukia Evelyn. Kasema ofa ipo, kukubali kupo, kila upande umetoa kitu, akili timamu... hapo kasita kidogo. Mkataba halali.

Nimemimina. Gaudiosus kawaambia mimi ni mtu mpole, nisiyependa maneno. Salvina kapaliwa. Baba wa kijana kafurahi, kasema mkwe mkimya ndiye aliyekuwa akimwomba kwa Mungu. Posa imepita! Kwa sababu yangu, bila shaka.

Jumapili, 20 Julai
Kuna kifungu cha tatu. Leo niurudishe mtumbwi kwa kuuvuta kwa kamba, kupitia mbele ya kanisa, watu wakitoka Misa.

Lakini mimi nani! Alfajiri nimefungua daftari ukurasa wa kumi na mbili. Kampuni, kisheria, ni mtu mwingine kabisa, si mwenye nayo. Basi! Aliyesaini ni mimi. Kuanzia leo mimi ni kampuni. Nimeandika hivyo kwa mkaa juu ya mlango. Salvina kauliza kama kampuni ina tumbo, maana kapika ndizi na maharage. Nimesema haina. Kapakua sahani moja pungufu.

Gaudiosus kafika na kamba. Nimemwambia dirishani kwamba mwenyewe kasafiri, hapa ipo kampuni tu. Kasema vizuri, basi kampuni ishike kamba.

Nimevuta. Kanisa zima limepiga makofi. Wateja wote hao!

Ukurasa wa kumi na tatu unahusu ubia. Kesho asubuhi namsainisha Gaudiosus. Evelyn kasema, Mjomba, safari hii soma mpaka chini. Ya nini? Kichwa cha habari kimeshanitosha.