Mrudishieni Shangazi Betje Masharubu Yake

Amsterdam, Jumatatu

Ndugu Mkurugenzi wa Jumba la Sanaa,

Salamu kwako na kwa wote mliohangaika kunirudishia picha ya Shangazi Betje, iliyoporwa nyumbani kwetu na Wajerumani wakati wa vita. Mlikuja nayo kwa heshima, na maua juu, nami nikalia kama ilivyonipasa. Sasa nimejifuta machozi na kuvaa miwani. Nina malalamiko.

1. Sheria inataka mali ya Wayahudi irudishwe yote. Picha ilipochukuliwa, Shangazi alikuwa na masharubu meusi, yaliyopinda ncha zote mbili kama ya jenerali. Amerudi hana.

2. Barua yenu inajisifu kwamba fundi "aliondoa uchafu wa penseli". Uchafu! Ndugu Mkurugenzi, Wajerumani walibeba samani, vijiko, hata mapazia, lakini masharubu hawakuyagusa. Yalisubiri wapenda sanaa.

3. Masharubu hayo niliyachora mimi, nikiwa na miaka minane. Ijumaa ile, mishumaa ya Sabato imeshawashwa, Shangazi aliinua macho ukutani akapiga ukelele: "Jamani! Miaka yote namwomba Mungu mume, leo kanipa masharubu matupu!" Baba hakucheka. "Nani kafanya hivi?" Kaka yangu Sal akanitazama, akaona nimeishiwa damu usoni. "Mimi, Baba. Niliona yatampendeza." Akanyimwa mkate wa tangawizi. Mimi nikapewa wangu. "Kula polepole, mwizi wee," akaninong'oneza, "na mimi nishibe kwa macho."

4. Nilikusudia kumwambia Baba ukweli. Kisha Wajerumani wakawachukua wote, wakawapeleka kambini: Baba, Mama, Sal, Shangazi. Mimi nilikuwa nimefichwa kwa wakulima. Vita vilipokwisha nilitoka mafichoni, wao hawakurudi. Kwa hiyo picha hii ndiyo kitu pekee kilichobaki kutoka meza ile ya Ijumaa, na niliingoja nipate kuungama mbele yake. Daktari ananihimiza niharakishe. Lakini nitaungamaje kwa mwanamke asiye na masharubu? Ananitazama kama mtu ambaye hajawahi kukosewa na yeyote.

Hivyo basi, kwa heshima zote, fundi wenu aje kabla ya Ijumaa ayarudishe, meusi vilevile. Akishindwa, ichukueni picha mkatafute familia nyingine. Huyu si shangazi yetu.

Nisalimie mlinzi wa mlangoni, na dereva aliyempandisha Shangazi ngazi zote zile bila kutukana. Msalimie hata fundi. Kosa la mikono yake ni usafi tu.

Wako mwenye shukrani nyingi na kinyongo kidogo,

Hartog Kokernoot

Tanbihi: Fundi asije. Muuguzi anayenitunza alipokwenda kunywa kahawa, nilipanda kiti na penseli. Sharubu la kushoto limeteleza hadi sikioni. Chini yake nimeandika jina langu kwa herufi kubwa, asije mtu akamsingizia Sal tena. Nimeagiza mkate wa tangawizi wa Ijumaa. Sitaula. Nitautazama tu.