Mashine ya Watu Wawili

Jumanne, 3 Juni 2025
Kinampanda. Upepo, vumbi, mimi. Bosi Mazengo kapiga simu kutoka Singida mjini. Swichi mpya ya kampuni, ya kuwagawia wateja intaneti, inaletwa kwenye kituo changu. Kabla wateja hawajaunganishwa, tutazirusha upya data tulizorekodi siku yenye pilikapilika, kwa kasi ya gigabiti kumi kwa sekunde, tuone kama itazidiwa. Mashine ya kurushia nichague mimi. Mimi!

Peniel wa makao makuu kajipendekeza tayari. Eti kompyuta ndogo inatosha, mradi kadi ya mtandao iwe nzuri na diski ziwe za kasi. Ndogo ataibeba mtu mmoja, kisha? Nimeomba ile seva kuukuu ya stoo, pana kama meza ya mwalimu. Nimesisitiza kwamba lazima iendeshwe na watu wawili. Pale ofisini asiyebanwa na kazi ni Dorika wa huduma kwa wateja. Aliwahi kuniambia kwenye simu kwamba nina sauti nzuri. Nimelitunza neno hilo tangu Pasaka.

Alhamisi, 5 Juni
Wamekubali! Nimenunua jogoo. Mgeni wa maana halishwi maharage hapa kwetu.

Jioni jirani yangu, Bibi Febronia, alikuja kuchaji simu kama kawaida. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza jogoo ni wa nani. Wa mgeni wa kikazi, nikasema. Akacheka sana, akasema siku hizi kazi ina manyoya. Akakaa akinisimulia habari za mbuzi wake mpaka simu ikajaa. Ndiye pekee anayekaa.

Jumatatu, 9 Juni
Seva imefika. Wameishusha watu wawili: dereva na Peniel. Peniel! Dorika yuko likizo kwao Ulemo, anatolewa mahari.

Jogoo nikamficha ndani ya boksi tupu la swichi, iliyokuja pamoja na seva. Akawika. Nikasema ni feni. Peniel akasema feni inayowika hajawahi kuiona. Tukala maharage.

Jumanne, 10 Juni
Jaribio. Seva inanguruma kuliko mashine ya kusaga. Bibi Febronia kafika mlangoni na simu yake, kaziba masikio, kageuka. Sasa anachajia dukani kwa Shukuru.

Kasi: gigabiti mbili na kidogo. Basi! Diski za seva hazisomi rekodi haraka, hivyo swichi haikutoka hata jasho. Peniel hakunicheka, na hilo liliniudhi zaidi. Akatoa kompyuta yake ndogo begini, akachomeka nyaya. Kumi zikapita, swichi ikastahimili.

Akasema angependa kubaki mpaka wikiendi, tuitafutie seva diski nzuri, tupike pamoja. Mjini hana mtu wa kula naye, akasema. Nikamjibu kwamba mimi hapa nina watu tele. Aliniangalia kidogo, akachukua begi. Ameniachia kompyuta.

Ijumaa, 13 Juni
Hakuna aliyepita leo. Bosi kasema seva irudishwe stoo.

Kabla ya kuifungasha nimeiwasha, nikarusha ile rekodi tena. Taa zote zikachangamka. Watu wa siku ile, wanapigiana simu, wanatumiana picha za watoto. Nikakaa nikiziangalia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ananitafuta mimi. Upweke huu, nasema kweli, umenikaa kifuani.

Lakini nimeshagundua kosa liko wapi. Seva ilikuwa ndogo mno! Nimemwandikia bosi kwamba jaribio lirudiwe kwa seva mbili, zenye kuhitaji watu watatu. Nimeongeza kwamba Peniel asisumbuliwe. Dorika atakuwa amemaliza likizo, na mahari bado si harusi.

Jogoo nimemwongezea mtama.