Msimu wa Lugha Isiyo na Upande

Mambo yaliharibika Jumatatu tarehe 4 Septemba 1995, saa nne na robo asubuhi, wakati Okestra ya Simfoni ya Jimbo ilipoutangazia mji wa Brussels, Ulaya na walimwengu kwa jumla kwamba msimu wake mpya wa matamasha utakuwa msimu wa usawa kamili. Hadi saa nne na dakika kumi na nne msimu ulikuwa mzima. Ulikuwa na matamasha tisa, wapiga fidla ishirini na wanane na mpiga pembetatu mmoja. Ulichokosa ni kijitabu cha kuutangaza.

Si kwa uzembe. Kamati ya Usawa ilikuwa imeketi vikao kumi na saba kuamua lugha ipi itangulie kwenye jalada, Kifaransa au Kiholanzi. Zilipowekwa bega kwa bega, upande mmoja ulilalamika kwamba jicho la mwanadamu huanzia kushoto. Likaja pendekezo la kijitabu cha duara. Mchapishaji akachukua likizo ya ugonjwa. Kuhusu muziki wenyewe, ambao hauna maneno, kamati ndogo ilikuwa bado inachunguza ule ukimya wa kati ya sehemu na sehemu ni wa lugha gani.

Wakati wakuu wakitangaza, Numbi alikuwa akipanga viti. Alikuwa mtu wa Likasi, huko Kongo, aliyeishia darasa la nne, mwaka wa kumi na mbili katika kazi ya viti, na mkono wake wa kushoto ulifungwa kitambaa cheusi, maana mkewe Sidonie alifariki Septemba iliyotangulia. Cheo chake hakikuandikwa popote ila mfukoni mwake: alishika ufunguo wa mlango mkubwa wa ukumbi. Kila taa zilipopunguzwa, Numbi aliugeuza ufunguo ule mara mbili, kwa heshima zote, kama balozi anayetia sahihi.

Sidonie alikuwa msafishaji wa ukumbi huohuo. Kanuni ya 14 ilisema mtumishi wa usafi haketi ukumbini muziki ukipigwa. Basi alisikiliza akiwa nje ya mlango, ameegemea fagio. Kila mwaka mpya Mkurugenzi Jean-Marie alimshika mkono na kumwambia, "Msimu ujao, Madame Sidonie, utaketi safu ya tatu." Msimu ujao ulikuja mara kumi na moja. Hospitali ilisema ni moyo. Numbi alisema ni wakubwa.

"Bakubwa njo baliua bibi yangu," aliwaambia kwa Kiswahili cha kwao wote waliokaa karibu naye kwenye tramu, hata wasiojua lugha, kwamba wakubwa ndio waliomuua mkewe.

Saa tano akaitwa ofisini. Mkurugenzi alikaa upande wa Kifaransa wa meza. Naibu wake alikaa upande wa Kiholanzi.

"Papa Numbi, nyumbani unasema lugha gani?"

"Kiswahili, Monsieur le Directeur. Na Kifaransa nikikasirika."

"Hicho Kiswahili kiko upande gani?" akauliza Naibu, kalamu mkononi.

"Kiko Katanga, Monsieur."

"Kimewahi kudai chochote katika jimbo hili?"

Numbi akafikiri. "Hakijadai hata kiti."

Wakubwa wakatazamana kama watu waliookota mbuzi asiye na mwenyewe. Hapohapo Numbi akateuliwa Mtangazaji Asiye na Upande. Msimu mzima ungetangazwa kwa Kiswahili peke yake, ili asiwepo mtu wa kuonewa kwa kuelewa. Akakabidhiwa karatasi nyeupe yenye nembo, ya kuandikia tangazo la kwanza. Kwa jinsi alivyo, akasahau kuwachukia kwa muda wa dakika nzima. Alishuka ngazi akijiita "Excellence" chini kwa chini.

Karatasi aliipeleka Galerie d'Ixelles, katika saluni ya Victorine, dada mkubwa wa marehemu, maana mwandiko wake yeye mwenyewe ulikuwa haumsaidii. Victorine alikuwa anasuka kichwa cha mtu. Aliitazama ile nembo, kisha akamtazama shemeji yake kuanzia viatu.

"Weye Numbi. Mwaka muzima unavaa nyeusi, unatulilia hakuna salle, ukumbi wa kumaliza matanga. Salle ya kanisa imejaa, ya commune, ya serikali ya mutaa, imeshikwa mpaka Noeli. Na hapa bakubwa banakupa salle, viti na muziki?"

"Yaya," akasema Numbi, kama dada mkubwa anavyoitwa kwao, "ile ni karatasi ya kazi."

"Bon. Matanga haiko kazi? Lete kalamu. Weye unaandika sawa kuku."

Kwao, mfiwa havui nyeusi mpaka upande wa marehemu umeuliza swali moja la lawama mbele ya watu wote, na mwenye kuhusika amelijibu. Numbi alilingoja swali lile kwa hamu. Mwaka mzima alikuwa amenoa kidole cha kuwaonyesha wakubwa. Kwa hiyo Victorine alipoandika, yeye alimshikia karatasi, kwa unyenyekevu wa kiofisi.

Tangazo lilisema: "Ndugu wote, Jumapili tarehe 8 Oktoba, saa tisa alasiri, tunamaliza matanga ya Maman Sidonie. Okestra ya Jimbo itapiga. Kujeni na chakula. Viti viko."

Kamati ililisoma kwa makini bila kulielewa, kama ilivyosoma kila kitu, ikathibitisha kwamba halina neno la kuudhi upande wowote, ikaligonga mihuri miwili.

Jumapili ile wenye tiketi za msimu kutoka mtaa wa Etterbeek hawakufika, maana hawakujua kama wamealikwa au wamefukuzwa. Wakafika Wakongo mia sita wa mitaa ya Matonge na Laeken, wamevaa kitenge kimoja, na masufuria ya sombe, yaani kisamvu, na bukari, ugali wa kwao. Mkurugenzi alitokwa na machozi. Ukumbi haukuwa umejaa tangu ufunguliwe. Kiti cha katikati cha safu ya tatu tu ndicho kilichokaliwa na kitenge kilichokunjwa, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Sehemu ya kwanza ya simfoni ikaisha. Ukaja ule ukimya ambao bado ulikuwa mbele ya kamati ndogo. Victorine akasimama ndani yake.

"Dada yangu amefagia hapa onze ans, miaka kumi na moja," alisema. "Muziki ikianza, ni nani alikuwa anamufungia mulango?"

"Anasema nini?" Mkurugenzi akanong'ona. Numbi akatafsiri, kidole tayari.

"Mwambie ni kanuni," akasema Mkurugenzi.

"Kanuni iko wapi? Isimame tuione!" akajibu Victorine. Watu mia sita wakaguna.

Mkurugenzi akamtazama Naibu. Naibu akaitazama Kamati. Kamati ikaeleza kwamba jibu rasmi halina budi kutolewa kwa lugha mbili kwa sekunde moja, na tafsiri itahitaji kikao. Wapiga fidla, wote ishirini na wanane, wakaweka fidla chini wakapokea sahani.

Sasa Numbi akainua kidole chake cha mwaka mzima. Kikapanda hadi kifuani, kikakwama. Mkono mwingine ulikuwa mfukoni, na mfukoni mlikuwa na chuma, baridi, chenye meno matatu. Akakumbuka siku moja Sidonie alipomwambia kupitia tundu la ule mlango, "Acha wazi kidogo tu, nani atajua?" Naye akamjibu, "Kazi ni kazi, Madame." Akamwita Madame! Mkewe! Akageuza mara mbili.

Kidole kikashuka.

"Asiyejibu anabaki na nyeusi," Victorine akaamua. Akapasua kitambaa, akamfunga mkono Mkurugenzi, akamfunga Naibu, akafunga Kamati mmoja mmoja. Hakupinga mtu, walidhani ni heshima ya kitaifa. Walipoelezwa maana yake walikuwa wamechelewa: kuvua kunahitaji azimio, na azimio linahitaji lugha ya kutangulia.

Msimu ukaendelea hivyo, tamasha la pili hadi la tisa, wakubwa wote wakiwa wafiwa wa msafishaji wao. Mlango mkubwa haukufungwa tena, kwa kuwa ufunguo, kama Numbi alivyoripoti kwa maandishi, haujulikani ulipo. Na katika kumbukumbu za kikao, chini ya mihuri miwili, limebaki swali moja ambalo kila mwezi husomwa kwa sauti na kusogezwa mbele, huku mpanga viti, naye bado na nyeusi mkononi, akiinamia viti vyake:

Ni nani aliyemfungia Sidonie mlango?