Resori za Marehemu Sebahire

Jumatatu, tarehe 4 Juni 1956

Nimepata akili, tena akili kubwa. Padri wa misheni anatafuta mtu wa kumletea mbao za kanisa jipya kutoka Walikale. Gari libebe mbao na kukokota remorke, lile tela la misheni, iliyojaa nyingine. Majaribio ni Jumamosi. Atakayefikisha mzigo wote anapewa kazi mpaka kanisa liezekwe. Gatera amekwisha kujitangaza. Gatera na gari lake jipya, na ile kofia. Simpendi.

Shida ni moja. Gari langu likibeba viazi tu, nyuma inalala mpaka inafagia matope. Resori zimechoka. Mabapa yake ya chuma, yanayopangwa moja juu ya lingine kule chini, yalikuwa na mgongo kama upinde. Sasa yamenyooka kabisa.

Mke wangu Emérita amenikumbusha, bila kuombwa, kwamba gari hili lilinunuliwa kwa ng'ombe aliopewa na baba yake. Nikikosa kazi ya Padri, kaka zake watakuja kulichukua, naye atarudi kwao pamoja nalo. Alisema hivyo huku anakamua ng'ombe aliyebaki. Hakuinua hata kichwa. Afadhali angekasirika.

Jumanne, tarehe 5 Juni

Nimeshinda porini, njia ya Walikale, kwenye ile kona ambapo lori la Sebahire lilianguka mwaka jana. Mto ulimchukua yeye, lori ukaliacha kwenye mawe. Mwili haukuonekana mpaka leo. Wapitaji huangusha jani kwenye kona kwa heshima yake. Mimi sikuangusha, mikono ilikuwa imejaa spana.

Nimefungua mabapa ya resori za nyuma za lori lake. Mazuri ajabu! Mvua za mwaka mzima na kutu hakuna. Tena yalikuwa na joto, ingawa pale jua haliingii. Chuma cha zamani ndivyo kilivyo, kinatunza joto.

Wakati napanda na mzigo, nilisikia mtu akikohoa huko chini. Nyani.

Jumatano, tarehe 6 Juni

Léopold, mhunzi wa Masisi, aliuliza chuma kimetoka wapi. Nikasema Goma. Akakinusa, akasema Goma hakuna mto wa harufu ile. Mhunzi huyu anapenda kuongea. Mwishowe alikifunga, lakini uso ameugeuzia ukutani, na malipo amekataa. Faida tupu.

Sasa nyuma ya gari iko juu kama kuku anayedonoa. Taa za mbele zinaangalia chini, usukani umekuwa mwepesi mno. Gatera alipita, akauliza kama gari langu linasali. Nimeandika hapa ili nisisahau kumchukia.

Alhamisi, tarehe 7 Juni

Nimejaribu kwa kupeleka mawe njia ya Walikale. Resori zimebeba bila kulalamika! Nikashusha mawe, nikageuza gari tupu. Ukungu ulikuwa umeshuka mchana huohuo.

Kwenye ile kona nyuma ikalala. Haikushtuka kama gari lililoingia shimoni. Ililala polepole, upande huu kisha huu, kama mtu mnene anapopanda na kutafuta pa kukaa. Nikasimama, nikaangalia. Hakuna mtu. Nikaendelea, injini ikivuta kwa shida kilima hadi kilima.

Nilipofika Mushaki, mbele ya nyumba ya Laurence, mjane wa Sebahire, nyuma ikalia kwii na kuinuka. Mbwa wa pale akaja mbio akitikisa mkia, akapita gari, akafuata kitu hadi mlangoni.

Nimeamua ni kukosa grisi. Nimepaka nyingi.

Ijumaa, tarehe 8 Juni

Grisi haikusaidia. Leo amepanda tena, yaani nyuma imelala tena, palepale, na kuinuka palepale. Safari hii Laurence alikuwa amesimama barabarani akinisubiri.

Akaniambia: "Papa Bosco, bwana yangu anashukaka kwa gari yako. Namusikia anakohoa kwa mulango, halafu hapana muntu."

Nikasema ni pepo za mlima. Alinieleza kwamba mwili ulipokosekana walizika mgomba mahali pake, kama inavyofanywa, wakalia, wakanyoa, wakamaliza. Lakini mgomba haukumtosha. Alikuwa mtu wa gari. Kwa hiyo ananiomba kile chuma chake akizike juu ya mgomba, apumzike. Macho yake yalikuwa makavu na yamechoka, nikamhurumia kweli.

Lakini majaribio ni kesho! Bila resori hizi, kwaheri kazi, kwaheri gari, kwaheri Emérita. Nikasema naleta. Nikaenda nyumbani, nikachukua bapa langu la zamani lililonyooka, nikalipaka tope na mafuta machafu. Akili, nilisema mimi.

Tulizika jioni hiyohiyo, yeye na mimi na shemeji zake. Kabla ya kufukia akaniuliza mbele ya wote kama chuma kile ni cha mume wake kweli. Maana, alisema, tukimuzika na chuma ya muntu mwengine, atakuwa wa ule muntu, ataenda kulala kwake. Nikaapa. Nilitoa hata machozi kidogo, na mengine hayakuwa ya uongo.

Jumamosi, tarehe 9 Juni

Ushindi! Gatera alitangulia asubuhi, akakwama kilima cha Mushaki, akashusha nusu ya mbao njiani. Kofia ilikuwa mkononi.

Zamu yangu. Gari limejaa, remorke imejaa. Kwenye kona nilingoja nyuma ilale. Haikulala! Nikacheka peke yangu kwa sauti. Ndipo mbele ikalala. Upande wa kiti cha abiria. Kiti kikabonyea, na kukaja harufu ya nguo zilizoloa muda mrefu. Nikafungua kioo. Baridi ikazidi, lakini ilitoka ndani.

Mushaki hakushuka mtu. Mbwa alikuja hadi mlango wa abiria, akaanza kulia, akakimbilia mashambani. Laurence alitoka, akatazama upande wangu, kisha upande ule mwingine, muda mrefu. Akaingia ndani na kufunga mlango.

Padri amenipa kazi. Mbao zimefika zote, hazikupungua.

Nimefika nyumbani Nyamitaba bado kuna mwanga. Mlango wa abiria ukafunguka wenyewe, mbele ya gari ikainuka. Emérita alitoka na vibuyu viwili vya maziwa, kwa furaha ya kazi. Aliniuliza mgeni niliyekuja naye ameelekea wapi, mbona amepita bila kusalimia, na mbona analowesha sakafu.

Jumapili, tarehe 10 Juni

Emérita ameondoka na ng'ombe. Hataki gari tena, wala kaka zake hawalitaki. Amesema nibaki na mgeni wangu. Nimeumia sana, sifichi. Nyumba ni kimya, isipokuwa kikohozi. Kibuyu cha pili kiko mezani, kimekwisha, na mimi sikukigusa.

Nimewaza sana leo, hata misani sikwenda. Kosa liko wapi? Nimelipata. Nimeimarisha nyuma na kusahau mbele! Upande wa abiria umelala tena mpaka tairi linagusa bati, na gari halina mtu hata mmoja. Resori za mbele zimechoka, si kingine. Nikizitengeneza gari litakaa sawa, na mwanamke mwenye akili hawezi kumkimbia mume mwenye gari lililokaa sawa.

Za mbele za Sebahire bado ziko kule mtoni, nzima. Kesho asubuhi nazifuata.