Maji ya Bure, Jina la Kyule

Jumatatu, 3 Machi

Kitengela nzima hakuna mtu ako na bahati kama mimi. Leo kwa buchari mwalimu Otiende alikuwa anatupigia hadithi ya Mmarekani wa zamani, enzi za treni za makaa. Alianza na kiwanda cha mbao, akapanda mpaka kugombea seneti. Siri yake: alibeba wapiga kura bure kwa treni. Nikatoka kabla amalize. Mwisho najua. Utajiri.

Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa mtaa. Jirani yangu Kyule amesimama. Ako na kisima na boza za kubeba maji tu! Na kanisani anapewa kiti cha mbele, mimi nabanwa na watoto wa Sunday school. Nimesimama pia.

Jumatano, 5 Machi

Mmarekani alitoa treni. Mimi natoa maji. Shida: mwenye maji ni Kyule. Nimeuza sofa, nikaagiza boza zake. Akanishika mkono, akaniita mheshimiwa. Mjinga! Anajichimbia kaburi na risiti ananipa.

Alhamisi, 6 Machi

Boza imeandikwa KYULE pande zote. Nikaifunika na shuka la mke wangu Mumbi, nimelipaka jina langu, NJOGU, kwa rangi nyekundu. Upepo wa huku hauna adabu. Shuka lilionekana mwisho likielekea Isinya. Watu wakachota wakimwombea Kyule baraka. Nikapaza sauti kwamba ni mimi. Wakasema dereva wa Kyule siku hizi ako na kelele.

Pipa la mwisho nikambebea Lorine, mjane mwenye mapacha. Mgongo wake ni mbaya. Kura nikasahau kuomba.

Jumamosi, 8 Machi

Kura ya mlolongo. Nyuma ya Kyule mstari ulikunja kona. Nyuma yangu: Lorine, na mapacha, ambao hawahesabiwi. Mumbi? Kwa Kyule! Nikamwendea.

“Rudisha sofa kwanza, Baba Jackie.”

Jumapili, 9 Machi

Otiende amenimalizia hadithi. Kumbe treni zilikuwa za mpinzani! Watu wakamshukuru mwenye treni. Mmarekani akafilisika, akafia nyumba ya kupanga. Nimecheka mpaka machozi. Mtu mzima anakosaje akili hivyo?

Mimi kosa langu lilikuwa shuka jepesi. Mwezi ujao ni uchaguzi wa kamati ya kanisa. Nitawachinjia mbuzi. Kyule amekubali kuniuzia wanne, bei ya jirani.

Na ile bahati niliyojisifia Jumatatu, nilidanganya. Sina. Sijawahi kuwa nayo.